Kishikwambi cha mwalimu, njiti za mtoto: tusipindue mpangilio wa somo la Kuhesabu

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilikabidhiwa walimu baada ya makarani kumaliza kazi, na tangu hapo mazungumzo ya vikao vya shule huku Kusini mwa Tanzania yamebadilika. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, Darasa la Kwanza likiwa miongoni mwa madarasa yaliyotangulia, umeipa TEHAMA nafasi kubwa kuliko zamani. Wadau wanaotaka kuzisaidia shule za kwao, wawe wa Newala, Masasi, Kilwa au Nachingwea, sasa wanauliza ni lini watoto wa madarasa ya mwanzo watapata vishikwambi vyao ili waachane na kuhesabu kwa njiti na visoda. Wanaouliza hivyo wana nia njema, ila wamekosea kusoma kinachotokea darasani. Wanaziona njiti kuwa dalili ya shule kukosa fedha, na kishikwambi kuwa hatua inayofuata pale fedha zinapopatikana. Vitu hivi viwili havifanyi kazi moja, na katika Darasa la Kwanza na la Pili wingi wa fedha haubadilishi mpangilio wake: vihesabio vikae mikononi mwa mtoto, kishikwambi kikae mkononi mwa mwalimu. Atakayeupindua mpangilio huo atatumia mamilioni na kupata watoto wanaobonyeza jibu sahihi wasilolielewa.

Tulikotoka kunaeleza kwa nini jambo hili linachanganya. Mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo yaliwekewa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mikoa yetu haikuachwa nyuma: Lindi ilikuwa katika mradi wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania, Mtwara ikawa katika mradi mwingine wa aina hiyo, Tusome Pamoja, ulioanza 2016. Walimu wengi walipata mafunzo, kona za hisabati zikawekwa, makopo ya visoda yakajaa. Kwa hiyo mtu akiingia darasani leo na kukuta vihesabio rafuni, kisha akaona watoto bado wanakwama kwenye kutoa kwa kukopa, ni rahisi kuhitimisha kwamba njiti zimejaribiwa zikashindwa. Lakini tazama watoto wanakwama wapi hasa. Upimaji wa stadi za Kuhesabu hutenganisha mambo: kutambua namba, kulinganisha namba, kutaja namba inayokosekana, kujumlisha na kutoa kwa ngazi ya kwanza, kisha ngazi ya pili ambako namba zina tarakimu mbili. Anayefundisha Darasa la Pili hahitaji kuambiwa pengo liko wapi. Mtoto anayekimbia kwenye 8 kutoa 3 husimama ghafla kwenye 43 kutoa 17. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna dhana moja tu mpya, nayo ni thamani ya tarakimu kulingana na nafasi yake. Dhana hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kuanzia Darasa la Tatu kwenda mbele.

Tuitazame hesabu hiyo ya 43 kutoa 17. Iandike ubaoni kwa kusimamisha, darasa la watoto 90, na madaftari mengi yatarudi na jibu 34. Mtoto aliyeandika 34 hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 3 juu na 7 chini, akajua 3 haitoshi kutoa 7, akageuza: 7 kutoa 3 ni 4. Kwenye makumi, 4 kutoa 1 ni 3. Kila tendo lake ni tendo halali la kutoa. Kilichokosekana ni kujua kwamba ile 4 ya kushoto ni mafungu manne ya kumi, na kwamba fungu linaweza kufunguliwa. Mpe njiti 43, naye mwenyewe azihesabu kumikumi na kuzifunga, abaki na mafungu manne na njiti tatu huru. Mwambie atoe 17. Atatafuta njiti saba huru, hatazipata, na mkono wake utakwenda kwenye fungu. Akilifungua ana njiti huru 13 na mafungu matatu. Atoe saba, zibaki sita. Atoe fungu moja, yabaki mawili. Jibu ni 26. Katika tendo hilo la kufungua, kile ambacho sisi tunakiita kukopa hakikuwa mkopo wowote: njiti zilikuwa zake tangu mwanzo, zimebadilishwa umbo tu. Mtoto aliyefungua fungu kwa vidole vyake mara ishirini ana kitu cha kukumbuka pale tarakimu zitakapobaki peke yake kwenye karatasi.

Hata hivyo, tendo hilohilo huharibika kwa namna nne ninazoweza kuzitaja bila kufikiri sana. Kwanza, mafungu huja yakiwa yamekwisha kufungwa na mwalimu. Mtoto hayaamini, analifungua na kulihesabu upya, au analichukua kama njiti moja nene. Mafungu lazima afunge mwenyewe, angalau kwa wiki nzima ya mwanzo. Pili, njiti huchezwa mezani na tarakimu huandikwa baadaye, baada ya njiti kurudishwa koponi. Hapo mtoto anajifunza michezo miwili isiyohusiana. Kila njiti zinapobadilika, tarakimu nayo ibadilike hapohapo: fungu likifunguliwa, 4 ikatwe iandikwe 3, na 3 ya mamoja iwe 13, njiti zikiwa bado mbele ya macho. Tatu, kwenye kikundi mtoto mmoja mwepesi hushika njiti zote na wenzake watano wanamtazama. Dawa yake ni kugawa kazi: mmoja afunge na kufungua, mmoja atoe, mmoja aandike, mmoja aseme kwa sauti kinachotendeka, wawili wakague, na kazi zizunguke kila hesabu. Kipindi ni dakika 30, na hesabu tatu zinatosha. Vipindi viwili kila mtoto amepita kila kazi. Nne, na hili ndilo linaloua zaidi, njiti huondolewa siku moja bila daraja. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza hatua tatu za kujifunza: tendo, picha, alama. Shule zetu nyingi huruka picha. Kumbe ni rahisi: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja, 43 ni mistari minne na nukta tatu. Kukopa ni kukata mstari mmoja na kuchora nukta kumi. Mtoto anayepata hesabu nne kati ya tano kwa mistari na nukta, bila kugusa njiti, yuko tayari kwa tarakimu tupu. Asiyezipata arudi kwenye njiti, na asionewe haya kwa hilo.

Kwa namba zisizozidi 20 kuna zana nzuri zaidi kuliko njiti, nayo hutupwa jalalani kila siku. Trei la mayai lina mashimo 30, matano kwa sita. Likate mara mbili na unapata vipande vitatu vyenye mashimo kumi kila kimoja, safu mbili za tano. Watoto wawiliwawili wakipewa vipande viwili na visoda 20, darasa la 90 linahitaji trei 30 na visoda 900. Kwa 8 kujumlisha 5, mtoto anajaza mashimo manane kwenye kipande cha kwanza na matano kwenye cha pili, kisha anahamisha visoda viwili kuziba nafasi zilizobaki kwenye kile cha kwanza. Anaona kumi na tatu bila kuanza tena moja, mbili, tatu. Hii inatibu ugonjwa ambao visoda vikimwagwa ovyo mezani huuzidisha, yaani kuhesabu kimojakimoja hadi Darasa la Nne. Kipande hiki kina faida nyingine kwa watoto wa huku. Katika Kimakua, Kiyao na Kimakonde, sita hutajwa kama tano na moja, saba tano na mbili. Mtoto aliyelelewa katika lugha hizo anakuja shuleni tayari ana tano kama nguzo, na safu ya mashimo matano inamkuta pale alipo. Mwalimu anayejua hilo atamwacha aseme "tano na moja" kwanza, kisha amvushe kwenye sita ya Kiswahili. Kisoda chenyewe kina upande wa rangi na upande usio na rangi: mwaga saba mezani, tuseme vinne vitalala rangi juu na vitatu rangi chini, na mtoto ataandika 4 + 3 = 7. Mwaga tena, ni 2 + 5. Dakika kumi za mchezo huo zinatoa karibu jozi zote za saba.

Vifaa vyenyewe vinapatikana mlangoni, lakini vinataka uangalifu ambao wengi hawausemi. Kwa njiti, chelewa za mnazi zinazidi vijiti vya kuokota kwa kuwa hulingana unene. Kikundi cha watoto sita kinahitaji njiti 100, hivyo darasa la 90 linahitaji 1,500. Ukitumia sehemu nene tu, chelewa moja hutoa vipande vinne vya sentimita 10, basi chelewa 375 zinatosha, na hizo ni mafagio mawili makubwa. Ncha zisuguliwe kwenye sakafu ya saruji hadi ziwe butu, maana hatari yake ni macho. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukikatwa vipande vya sentimita moja hutoa vifungio zaidi ya 150, kimoja kwa kila fungu, ukizungusha mara mbili. Visoda vigongwe nyundo kingo zilale. Komwe za bao ni nzuri na zinajulikana kwa kila mtoto wa pwani, ila zinabiringika kwenye dawati. Zitumike kwenye mashimo tu. Mbegu za ubuyu na za ukwaju ziwe mbali na darasa la awali, kwa sababu huingia puani na masikioni. Korosho ghafi wengi huzifikiria kwanza, kwa kuwa kilo moja ina takriban korosho 200 na kila nyumba inazo msimu ukifika. Zisitumike. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo, na mtoto wa miaka saba ataijaribu kwa meno. Tena Oktoba hadi Desemba korosho ni fedha, na kuziweka shelfuni shuleni ni kumtia mtu majaribuni.

Sasa tuisikilize hoja iliyo nzito zaidi dhidi ya vihesabio, kwa sababu ipo na wanaovipenda hawaitaji. Kitu hakifundishi chenyewe. Utafiti wa Carbonneau na wenzake wa 2013, uliokusanya tafiti 55, ulikuta kwamba vihesabio vinasaidia, lakini kiasi cha msaada kinategemea mambo mengi, na mwongozo wa mwalimu ni mojawapo ya makubwa. McNeil na wenzake mwaka 2009 walikuta jambo la kushangaza: wanafunzi waliopewa noti na sarafu za mfano zinazofanana sana na fedha halisi walifanya makosa mengi kuliko waliopewa za karatasi tupu. Pambo huvuta akili kwenye kitu na kuisahaulisha namba. Kwa mtoto, njiti ni kitu cha kuchezea na wakati huohuo ni alama ya namba, na kuvishika vyote viwili akilini si kazi nyepesi katika umri huo. Kwa hiyo anayesema "njiti zimejaa shuleni na hesabu bado ni mbovu" anasema kweli. Ila kinachotokana na ukweli huo ni kwamba mwalimu anahitaji kusaidiwa kuziunganisha njiti na tarakimu. Haitokani kwamba mtoto anahitaji skrini, kwa sababu njiti zilizochorwa kwenye skrini nazo ni alama, tena zimesogea hatua moja mbali zaidi na mkono.

Upande wa vishikwambi nao una ushahidi wa kuheshimiwa, na ushahidi mmoja umetoka hapahapa nchini. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio mkoani Tanga kwa miezi 15: karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, kila mmoja akapewa kishikwambi chenye programu ya Kiswahili. Walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kiasi kilichoonekana, na Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana ushindi. Wadau wa kwetu hulitaja sana jaribio hili. Walitazame vizuri. Tanga walijaribu kujibu swali la mtoto asiye na shule wala mwalimu. Kila mtoto alikuwa na kifaa chake. Vijiji vilijengewa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Programu zilitengenezwa na kusahihishwa kwa miaka kwa ajili ya kazi hiyo tu. Shule ya Tandahimba yenye mwalimu, ubao, watoto 90 na vishikwambi 15 ni hali nyingine kabisa. Kwa hali hiyo tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Kisumu nchini Kenya, utafiti uliochapishwa 2016 na Piper na wenzake ulilinganisha njia tatu katika somo la kusoma: kifaa kwa mwanafunzi, kishikwambi kwa mwalimu, na kishikwambi kwa mratibu anayewatembelea walimu. Zote tatu zilisaidia kwa kuwa zilikuja pamoja na vitabu na mafunzo mazuri. Tofauti kati yake haikuwa ya maana, na ya mratibu ndiyo iliyokuwa nafuu. Peru, ambako kompyuta ndogo ziligawiwa kwa wingi, tathmini ya 2012 katika shule 319 za vijijini haikuona matokeo yoyote katika hisabati wala lugha baada ya miezi 15, ingawa ilionekana nyongeza fulani katika uwezo wa jumla wa kufikiri. Kifaa kilifika, namna ya kufundisha ikabaki ileile.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika kuliko zote, ni kwamba watoto wa Dar es Salaam wanashika vishikwambi na wetu wasipoanza mapema wataachwa nyuma. Hoja hii inagusa kidonda halisi. Kusini imesubiri barabara, umeme na walimu kwa miaka mingi, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe awe wa mwisho tena. Lakini inachanganya vitu viwili. Kujua kubonyeza, kuburuza na kufungua programu ni ujuzi ambao mtoto wa miaka saba anaupata kwa siku chache, na akiuchelewesha hadi Darasa la Tano ataupata kwa siku chache vilevile. Kujua kwamba 4 katika 43 ni arobaini hakuna njia ya mkato ya namna hiyo. Aliyelikosa katika Darasa la Pili anaingia Darasa la Tatu kwenye maelfu, kuzidisha na kugawanya akiwa amebeba tundu, na mwalimu wa huko ana muhtasari wa kukimbiza. Kinachomwacha mtoto wa Liwale nyuma ya mtoto wa Dar ni hilo tundu.

Nduguye hoja hiyo husema kishikwambi kitapunguza mzigo wa darasa kubwa. Tupige hesabu. Tuseme shule imepata vishikwambi 15 kwa watoto 90. Ukiweka watoto sita kwa kimoja, mmoja anabonyeza na watano wanaangalia, tatizo lilelile la njiti, isipokuwa njiti zinaweza kugawanywa na skrini haiwezi. Ukitaka watoto wawili kwa kimoja, watoto 30 wako kwenye vifaa na 60 wanahitaji kazi nyingine inayoendeshwa na mwalimu huyohuyo, ambaye kila dakika mbili anaitwa kwa sababu sauti imepotea au programu imejifunga. Kugawa, kuwasha na kukusanya hula dakika kumi za kipindi cha dakika 30. Zilizobaki ni 20, zamu mbili za dakika kumi, hivyo kila mtoto anapata dakika kumi kila baada ya kipindi kimoja na nusu. Na katika dakika hizo, programu nyingi huuliza kwa majibu matatu ya kuchagua. Mtoto akikosa anabonyeza la pili, akikosa anabonyeza la tatu, nyota inang'aa. Rekodi itaonyesha amemaliza ngazi. Yule aliyekuwa anaandika 34 kwenye daftari bado anaamini 34. Amejifunza tu kwamba jibu hilo halitakiwi na mashine.

Kuna kazi ambazo kishikwambi kinazifanya kuliko kitu kingine chochote, na zote ni za mtu mzima aliyekishika. Ya kwanza ni kupiga picha makosa. Mwalimu akipita kati ya vikundi, apige picha za kurasa kumi za madaftari yenye jibu lisilo sahihi. Mchana azipange: hawa wamegeuza tarakimu, hawa wamesahau kupunguza makumi baada ya kufungua, hawa wamehesabu vibaya tu. Makundi hayo matatu yanataka masomo matatu tofauti kesho yake, na tiki nyekundu haikuwahi kuyatenganisha. Picha hizohizo ndizo zinazofaa kupelekwa kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, badala ya mjadala wa jumla juu ya "changamoto za Hisabati". Ya pili ni kurekodi dakika tatu za mtoto akieleza alichofanya na njiti. Mwalimu anayejisikiliza baadaye hugundua mara ngapi alimkatiza. Ya tatu ni video za masomo ya mfano na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vipakuliwe mahali penye mtandao na vitumike bila mtandao. Ya nne ni mazoezi ya kikundi kidogo, watoto wanne waliokwisha kuvuka hatua ya picha, dakika kumi mwisho wa kipindi, wakijenga kasi ya jozi za kumi wakati wengine wanamalizia kwa mistari na nukta. Kwa kazi hii ya nne kuna kipimo kimoja cha kuchagulia programu: je, inamtaka mtoto aijenge namba kwa kuburuza makumi na mamoja, au inamtaka achague tu? Kama ni ya kuchagua, iachwe. Kuonyesha darasa zima kwenye skrini ya inchi 10 hakuna maana, kwani upana wake ni sentimita 22 hivi na mtoto wa dawati la nne haoni kitu.

Wapo watakaonunua vya wanafunzi hata hivyo, na afadhali wajue gharama isiyoandikwa kwenye ankara. Betri ya kishikwambi yenye ujazo wa mAh 5,000 hubeba nishati ya takriban saa-wati (Wh) 18.5. Vishikwambi 30 ni Wh 555, na kwa upotevu wa kuchaji unahitaji Wh 750 kila siku vikitumika hadi kuisha. Kwa kuwa mchana vinatumika, jua halichaji vifaa moja kwa moja. Linachaji betri kubwa, na vifaa vinachajiwa jioni kutoka humo. Hiyo ni paneli ya wati 200 na betri ya volti 12 yenye Ah 150, ikiwa ni ya asidi ambayo haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Betri za lithiamu haziruhusiwi kuchajiwa zaidi ya nyuzijoto 45, na stoo ya bati isiyo na dari hukaribia hapo saa nane mchana. Kilwa na Mtwara mjini chumvi ya bahari inakula tundu la chaji, Masasi na Nachingwea vumbi linaliziba. Kote kuwili kitu cha kwanza kufa ni waya na tundu lake, muda mrefu kabla ya skrini. Likizo ndefu vihifadhiwe vikiwa na chaji ya nusu, visizimike kabisa. Fundi na vipuri vinatoka Dar, na Mei 2024, wakati wa mvua za Kimbunga Hidaya, barabara ya kuja Kusini ilikatika pale Somanga. Chelewa hazikusubiri barabara.

Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi imewekwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hata tukikadiria kishikwambi kimoja kwa laki tatu, vifaa 15 ni milioni nne na nusu kabla ya sola, sawa na ruzuku ya mwaka mzima ya watoto 450. Mdau mwenye fedha hiyo angeweza kulivisha kila darasa la kwanza na la pili la kata nzima kwa njiti, trei, kadi za namba na makopo yenye vifuniko, akalipia nauli na chakula cha walimu kukutana siku tatu kila muhula kwa mafunzo ya daraja kutoka tendo hadi alama, na bado akabakiwa na fedha ya kubadilisha waya na kava za vishikwambi ambavyo walimu wanavyo tayari. Wathibiti ubora wa shule wanaweza kusaidia kwa kubadilisha wanachokitazama: wasiulize kama kona ya hisabati ipo, wamwombe mtoto mmoja wa Darasa la Pili afanye 52 kutoa 28 kwa njiti, kisha kwa mistari na nukta, kisha kwa tarakimu, na waandike ameishia hatua ipi.

Vishikwambi vya wanafunzi vianzie Darasa la Tatu, pale Kuhesabu kunapokuwa Hisabati na namba zinapoingia maelfu. Njiti 3,000 hazibebeki mezani, jedwali la kuzidisha linadai marudio mengi ya haraka yenye masahihisho ya papo hapo, na mtoto anayeburuza kizuizi cha elfu kwenye skrini anajua ni nini anachokiburuza kwa kuwa ameshafunga na kufungua makumi kwa mikono yake. Vifaa 15 vinavyozunguka kati ya Darasa la Tatu na la Nne, watoto wawiliwawili, kwa vipindi viwili vya mazoezi kwa wiki, ni ombi ambalo kamati ya shule inaweza kuliandika kwenye bajeti ijayo bila kuligusa fungu la vihesabio vya wadogo zao.